Marobota Kumi na Mawili

Barua ya mamlaka ya kodi ilifika dukani kwangu Kariakoo. Mimi nilikuwa Guangzhou, China, pale soko la viatu la Zhanxi, nabishania bei ya raba. Mdogo wangu akaipiga picha, akanitumia. Niliisoma nimesimama, mikokoteni ikinigonga visigino. Ati mwaka jana niliingiza kontena zima la viatu, nikatangaza mauzo ya marobota kumi tu. Mengine yako wapi? Nijieleze ndani ya siku kumi na nne, la sivyo napigwa faini na duka linafungwa.

Duka hilo ndilo linalonilisha mimi na wanangu watatu.

Kontena lenyewe tulilichangia watatu: mimi, Loyce wa Mwanza na Ghalib wa Unguja. Ndivyo tunavyofanya hapa, mzigo wa wengi, jina moja kwenye karatasi. Safari ile jina lilikuwa langu, na kwa kupenda sifa nililitoa huku nacheka.

Nikapanda jengo la Tianxiu, ofisini kwa Nassor, wakala wetu wa mizigo. Msumbufu yule hafungi kontena bila kupiga picha kila robota na alama ya mwenyewe iliyoandikwa kwa wino. Miaka yote tumemcheka. Siku ile nilimwombea dua. Marobota yote yalikuwepo pichani: yangu yenye MK, ya Loyce yenye LY, ya Ghalib yenye nyota.

Nikaandika maelezo, nikawaita wenzangu, ambao nao walikuwa Guangzhou kununua mzigo, waje palepale ofisini. Sikutaka wasikie kwa watu.

"Kesho natuma kwa mamlaka ya kodi," nikasema. "Majina yenu yamo."

Ghalib akawaka. "Unatuuza, Mwanakhamis?"

"Sikuuzi. Nakurudishia marobota yako."

Loyce alisoma, akashusha pumzi, akasaini. "Bora niseme mwenyewe, dada, kuliko kufuatwa."

Ghalib hakugusa kalamu. Alichukua simu ya Nassor, akapekua picha moja moja, kisha akanionyesha.

"Umeandika kumi. Mimi hapa nahesabu MK kumi na mbili."

Uso uliniwaka. Mawili yale niliyauza kimyakimya bila risiti, nikajifanya nimeyasahau. Nilitaka wenzangu wawe wakweli kuliko mimi, na niliona aibu kweli.

Nikafuta kumi, nikaandika kumi na mawili. Ghalib akaitazama ile namba, akachukua kalamu mkononi mwangu, akasaini.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Kwa kuwa tulijieleza wenyewe, faini imefutwa. Kila mmoja alipe kodi ya mzigo wake, kwa awamu. Duka libaki wazi. Nililia palepale Zhanxi, mbele ya muuza raba, na siku hiyo sikubishania bei.

Jumamosi tulifunga kontena jipya. Nassor akauliza safari hii liandikwe jina la nani.

"Kila mtu lake," akasema Ghalib, kisha akanigeukia. "Na wewe, dada, hesabu vizuri."