Paja la Kushoto

Mama hapaswi kushukuru goti la mwanawe linapochanika. Fundi cherehani alilijua hilo vizuri. Hata hivyo, siku bintiye alipoletwa nyumbani kwa magongo, mguu umefungwa bandeji kutoka pajani hadi kifundoni, alikwenda nyuma ya nyumba akalia kwa uchungu, kisha, Mungu amsamehe, akashukuru.

Binti huyo wenzake walimwita Kiberiti, kwa sababu bastola ya kuanzia mbio ikilia tu yeye huwa keshawaka. Shule ya michezo ilimchukua angali mdogo, na tangu hapo mama alimpata likizo kwa likizo, kama mgeni. Nyumba ilibaki na cherehani, vitambaa vya watu, na ukimya. Sasa ghafla alikuwepo mtu wa kumaliza sukari.

Mazoezi waliyafanyia chumba cha mbele, kati ya meza ya kukatia na mlango. Kiberiti alilala chali, taulo iliyoviringishwa ikiwa chini ya goti, akalikandamiza mpaka kisigino kikainuka.

"Kaza. Kaza bado! Usinidanganye, nakuona."

"Mama, wewe ni fundi au askari?"

"Mimi ni mama yako. Askari ana nafuu."

Wateja waliosubiri sketi zao walicheka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, walisema, walipomwona fundi akifuta macho kwa kipande cha kitambaa. Hawakujua hata nusu yake.

Mtaalamu wa viungo alikuwa amesema wazi: upasuaji umekwenda vizuri, ila paja la kushoto limenywea. Siku litakapolingana na la kulia, Kiberiti arudi kambini. Kocha naye aliahidi kumshikia nafasi yake katika timu ya kupokezana vijiti mpaka mashindano yakaribie, si zaidi. Kwa kuwa kliniki ilikuwa mbali, vipimo vingechukuliwa nyumbani na kutumwa kwa simu.

"Kupima niachieni mimi," mama alisema. "Ndiyo kazi yangu."

Kila Jumapili alizungusha tepu yake, na kila Jumapili paja la kushoto lilikuwa nyuma. "Bado kidogo, mwanangu. Haraka haraka haina baraka." Kiberiti aligeukia ukutani na simu yake, akawatazama wenzake wakikimbia, hasa yule aliyewekwa mahali pake. Akisinzia, miguu ilimcheza chini ya shuka. Mama aliyaona yote hayo. Alimpelekea chai, akakaa ukingoni mwa kitanda akimsuka nywele, na moyo wake ukauma na kushiba kwa wakati mmoja.

Mashindano yalipokaribia, mtaalamu akawaita. Alipima kulia, akapima kushoto, akarudia.

"Haya mapaja ni mapacha," alisema. "Wala hayakuanza kulingana jana. Nani alikuwa anapima?"

Kiberiti alimtazama mama yake.

Waliongelea nje, kwenye benchi la kliniki.

"Mguu wa kulia, usioumwa, nilikuwa nautilia kidole chini ya tepu," mama alisema, "kama ninavyompimia mteja, nguo isije ikambana. Ule mgonjwa niliogopa kuugusagusa, nikazungusha tepu tupu."

"Makusudi?"

"Mara ya kwanza ni mazoea tu ya mkono. Nilipogundua, sikurekebisha."

"Ungeniambia tu nibaki."

"Ungebaki?"

Machozi yakamtoka Kiberiti.

"Basi," mama alisema. "Ndiyo maana sikuuliza."

Hawakununiana sana, nyumba ya watu wawili haina pa kununia. Lakini Kiberiti alipanga begi lake peke yake. Asubuhi ya safari walichelewa kutoka, na safari hii kosa halikuwa la mama. Kiberiti ndiye aliyezungukazunguka, akishika vitambaa, akiuliza maswali ya ovyo. Walipokata kona, basi lilikuwa limeshawasha injini na kondakta anagonga bodi.

Kiberiti alisimama. Tangu apasuliwe alikuwa ametembea, amepanda ngazi, ameruka kamba. Mbio za kweli, bado.

"Mama, goti litashika?"

Mama angeweza kusema "bado". Neno moja tu, na basi lingeondoka. Neno hilo lilikuwa limeshamfika ulimini.

"Litashika," alisema, akimkaza mikanda ya begi mabegani. "Kimbia."

Akakimbia. Hatua za kwanza zilikuwa za woga, kisha goti likapokea uzito, na miguu yote miwili ikaila barabara sawasawa, begi likirukaruka, watu wakimpisha. Miaka yote hiyo mama alikuwa amemwona akikimbia kwenye simu tu. Hakujua kwamba ni mzuri kiasi hicho.

"Kimbia, mwanangu!" alipaza sauti, akapaza tena na tena, hata baada ya Kiberiti kupanda na mlango wa basi kufungwa.