Mpira Uliogusa Mstari

Usiku wa jana niliota ugomvi uliokuwa umeshafika katikati.

"Umetoka nje!" anasema Baba Shomari.

"Nje ya wapi, baba? Nje ya macho yako?" anajibu Bi Kibibi. "Umegusa mtaro. Na ukigusa mtaro ni halali. Hiyo ndiyo sheria."

Hawa ni majirani zangu wa Ngamiani, Tanga, mmoja ukuta wa kulia, mwingine wa kushoto. Wanagombania mpira wa tenisi ulioanguka uani kwangu, kati ya ndoo na jiko la mkaa. Kamba yangu ya kuanikia nguo imeshushwa chini na kanga zangu zimefanywa wavu. Hakuna aliyeniomba ruhusa.

Zamani mtaani kwetu hakuna aliyejua tenisi. Siku hizi mpaka muuza mihogo anajua seti ni nini, kwa sababu ya Hidaya. Hidaya ni mdogo wangu, tumbo moja. Anacheza tenisi ya kulipwa, na tangu Januari yuko njiani: wiki hii mji huu, wiki ijayo mji ule. Sisi nyumba yetu haijawahi kukosa watu kwenye sinia. Akipita mtu tunamvuta, akikataa tunamvuta tena. Yeye huko anakula peke yake chumbani, sahani ameiweka juu ya begi, anautazama ukuta. Aliniambia mwenyewe kwenye simu, akicheka. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo nikila tonge halishuki. Namtaka arudi, basi.

"Tuuulize mpira wenyewe," nikasema.

"Msiniulize mimi," ukasema mpira. "Kazi yangu kuanguka. Pa kuangukia anapasema mshika mstari."

"Mshika mstari ni nani?"

Mpira hauna kidole, lakini wote tulijua umeninyooshea mimi.

"Haya, Mwajabu, kazi hiyo," akasema Bi Kibibi. "Na usimpendelee huyu kwa sababu anakukopesha chumvi."

Nikavuka mtaro ili nione vizuri. Upande wa pili ni ukumbi wa hoteli.

Ni mrefu, una zulia, na milango yake yote inafanana kama mapacha waliokosana. Nje ya mlango mmoja limekaa begi kubwa la raketi, limekunja mkanda mmoja juu ya mwingine, kama mama mkwe anayengoja kuombwa radhi.

"Hodi. Hidaya yuko?"

"Alikuwepo," likasema begi. "Wewe nani?"

"Dada yake."

"Dada yake yuko Tanga. Picha yake ninayo." Likafungua zipu, likachungulia ndani, likanitazama tena. "Wa kwenye picha amekonda kidogo."

"Picha ya zamani hiyo. Niambie, atarudi lini nyumbani?"

"Akishindwa."

"Si alishindwa wiki iliyopita?"

"Alishindwa, ndiyo, ila kule kulikuwa kushindwa kwa kuendelea. Unashindwa asubuhi, mchana unafukuzwa mjini, jioni uko mji mwingine unajaribu tena. Leo ni tofauti. Pointi alizopata mwaka jana mwezi huu zinatimiza mwaka, na zikitimiza mwaka zinadondoka. Akishinda leo atapata nyingine. Akishindwa, hana kitu. Mchezaji asiye na pointi hapewi uwanja, anapewa tiketi."

"Ya kwenda wapi?"

"Kwenu."

Moyo wangu ukapiga kigelegele. Nikaweka mkono kifuani kuufunika mdomo.

"Na akishinda?"

"Tunaendelea mpaka msimu uishe."

"Unaisha lini?"

Begi likafunga zipu. Kuna maswali mengine hata begi lina haya nayo.

Nikafungua mlango, nikaingia uwanjani.

Uwanja una udongo mwekundu, na mtaa wetu wote umeshafika. Wametandika mikeka kwenye ngazi, watoto wanapakatwa, birika linazunguka. Juu ya kila mtu kipo kiti kirefu cha mwamuzi. Mwamuzi hayupo. Kiti kinatosha.

"Ukimya, tafadhali," kikasema kiti.

Ukimya akaja. Ni mwanamume mwembamba mwenye soksi nyeupe, kabeba beseni. Anapita mkeka kwa mkeka akikusanya sauti za watu. Kila mtu anatema yake bila ubishi, mpaka alipofika kwa Bi Kibibi.

"Yangu siitoi. Nina mambo ya watu humu ndani, nimeaminiwa."

Ukimya akasubiri. Ana subira mbaya yule mtu. Mwisho Bi Kibibi akamkatia nusu, na kuanzia hapo kila neno lake likawa linatoka kipande.

Mimi nikapewa mstari nishike. Ni mstari mweupe kweli, mwembamba, una joto kama kamba iliyotoka juani, ncha yake mkononi mwangu na urefu wake wote umelala kwenye udongo. Nikaambiwa nisiuachie.

Ndipo nikamwona Hidaya. Amepungua. Pointi zake za mwaka jana zimeshonwa kwenye sketi kama vifungo, na uzi wa kila kimoja umelegea. Akipiga mpira kwa mkono wa kulia, wa kushoto unashika vifungo. Nywele zake kila mmoja una njia yake. Nywele za mtu asiye na wa kumpakata kichwa.

Mpinzani wake ni msichana mrefu ambaye jina lake limezidi ubao, herufi nyingine zimesimama chini zikingoja nafasi. Upande wake wa ngazi hakuna mtu. Kuna taulo moja tu limekaa kwenye kiti, linapiga makofi yasiyolia. Begi lake limeshajifunga, linamvuta sketi: "Twende. Twende tu."

Wakapewa mapumziko, kila mmoja kwenye benchi lake. Nikauburuta mstari wangu hadi kwa Hidaya, nikakaa nyuma yake, nikambana kichwa kwa magoti.

"Dada? Unafanya nini huku?"

"Nakusuka."

"Muda upo?"

"Haupo. Ndiyo maana nakusuka twende kilioni, mistari ya kurudi nyuma tu, basi."

"Twende kilioni!" Akataka kugeuka, nikamrudisha. "Dada, mimi niko kwenye mechi, sijafiwa! Watu watasemaje?"

"Watu gani? Huku nani anaijua?"

"Bi Kibibi yule pale."

Kutoka mkekani tukasikia: "Twe... kilio... aibu gan..."

"Tulia," nikasema. "Umekula?"

"Nimekula."

"Na nani?"

Nikavuta mafundo, nikasuka. Shingo yake ilikuwa na jasho, ikinuka udongo, na chini yake ile harufu yake ya utotoni, ya mtu aliyetoka kuota jua. Nikasuka upande wa kulia mistari mitatu. Nilitaka kumwambia kwamba kitanda chake bado hakilali mtu, ingawa wageni wamejaa mpaka ukumbini. Nilitaka kumwambia kwamba leo akishindwa si vibaya.

"Muda," kikasema kiti.

Akaondoka na nusu kichwa.

Wakacheza mpaka pointi zote zikaisha ikabaki moja, na hiyo moja wakaigombania kama kipande cha mwisho cha nyama, kila mmoja akijifanya haitaki sana. Halafu Hidaya akapiga. Mpira ukaruka, ukapita juu ya wavu, ukaja upande wangu.

Ukagusa mstari. Sikuona kwa macho tu. Niliusikia mkononi, kidogo, kama mtu anapokuvuta pindo la kanga kukuita.

Uwanja mzima ukanigeukia.

"Mshika mstari," kikasema kiti.

Mpira umekaa miguuni pangu. Ukanong'ona, "Hakuna aliyeona ila wewe. Sema nimetoka. Kesho jioni yuko uani kwenu anaosha mikono."

Nikamwona kabisa. Ameketi mkekani, mguu mmoja ameukunja, anagombania ukoko na watoto. Anamcheka Baba Shomari. Neno "nje" likapanda mpaka ulimini, likakaa pale kama tonge la moto, huwezi kulimeza wala kulitema mbele za watu.

Nikamtazama Hidaya. Hautazami mpira. Hata kiti hakitazami. Ananitazama mimi, vifungo kaviachia vyote, mikono chini, ametulia kama alivyokuwa ametulia kwenye magoti yangu.

"Umegusa," nikasema. "Umegusa mstari. Pointi yake."

Ukimya akajikwaa, beseni likapinduka, sauti za watu zikatoka zote kwa mpigo. Ya Bi Kibibi ilitoka ya kwanza, na ilikuwa na mengi ya kusema. Hidaya akaacha mdomo wazi kwa furaha, akatupa raketi, akakimbia kuja kunikumbatia.

Lakini aliyeshinda haruhusiwi kukaa. Udongo ukaanza kuvutwa chini ya miguu yake, taratibu, kama mkeka unaokunjwa shughuli ikiisha. Yeye anakimbia kuja, uwanja unampeleka mji mwingine.

"Dada!" akapiga kelele, ameshika kichwa. "Upande wa kushoto bado!"

Nikakimbia naye. Mstari ukanichomoka mkononi, na mimi nikaamka.

Kumekucha. Simu inalia chini ya mto. Ni Hidaya, simu ya picha.

"Dada, nimeshinda jana! Kwa mpira wa mstarini! Nilikuwa nimeshakata tamaa..."

Mimi simsikilizi. Namtazama kichwa. Upande wa kushoto ni kichaka. Upande wa kulia mistari mitatu, imenyooka kwenda nyuma, imebana vizuri.

"Nani kakusuka?"

Akajigusa. "Ndicho nilichokupigia. Nimelala na nywele zangu, nimeamka hivi. Mlango nimefunga mwenyewe, na mji huu wote hakuna anayejua kusuka. Halafu hebu nambie, mtu akuingilie chumbani, akose mitindo yote, akusuke twende kilioni?"

Nikaitazama mikono yangu. Vidole vilikuwa vinateleza mafuta, na mimi nililala nimenawa.

"Usizifumue," nikamwambia.

"Dada, unalia?"

"Nina mafua."

Kwake mlango ukagongwa. Akaenda kufungua na simu mkononi, nikaona zulia, nikaona dari, nikasikia maneno mawili matatu ya Kizungu. Akarudi, ananong'ona.

"Ni yule niliyemtoa jana. Ndege yake ni mchana. Anasema jana aliondoka uwanjani bila kunipa mkono vizuri, kaja kunipa."

"Kaja na nani?"

"Peke yake. Yeye na begi lake."

"Amekula?"

"Dada, simjui hata!"

"Nimekuuliza kama unamjua? Hapo una nini?"

"Wali wa jana. Na mayai."

"Wali na mayai si chakula? Unataka nini tena, ngoma?"

"Kiti kimoja tu, na nimekiwekea nguo."

"Kaeni chini. Au mwenzako hana magoti?"

Akacheka. Safari hii na mimi nikacheka. Akaiegemeza simu ukutani, nikamwona anasita katikati ya chumba, kisha anakwenda mlangoni na nusu kichwa chake. Alianza kwa Kizungu, kikamkwama, akakiacha.

"Karibu," akamwambia, kwa Kiswahili chetu kabisa. "Ingia tule."