Ubatizo wa Dafu

Kahaso alikuwa hajatimiza mwaka degedege lilipomshika, tena lilimshikia pabaya: kando ya barabara pale Bongwe, jua la alasiri likichoma. Kwaresima ilikuwa changa, na Ramadhani nayo changa, maana mwaka ule mifungo miwili ilizaliwa pamoja kama mapacha.

Mama yake, Kadzo, alikuwa akingoja bodaboda impeleke hospitali. Homa ilikuwa imeanza alfajiri. Ziro, baba wa mtoto, alikuwa Taru akichunga mifugo ya watu, na simu yake haikuwa ikipatikana. Basi Kadzo amesimama peke yake, mara mtoto akajinyoosha kifuani pake, akakauka kama ubao, macho yakapinduka yakabaki meupe.

"Maji!" Kadzo alipiga ukelele. "Jamani, maji!"

Aliyekuwa karibu ni Abdurahman, muuza madafu, aliyekuwa amefunga na midomo imempasuka kwa kiu. Aliinua dumu lake, likawa jepesi, tupu. Mwenye mkokoteni wa maji hakuwa amepita siku ile. Abdurahman alivuta dafu, akalifyeka kichwa kwa panga, akamtia Kadzo mkononi, kisha akapiga goti akamshika mtoto kichwa kisijigonge.

Kadzo hakuwa akiwaza kumnywesha. Aliwaza jambo jingine kabisa. Jumapili iliyotangulia, katekista Gerishom alikuwa amewafundisha kanisani kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa, yeyote aliye karibu anaweza kumbatiza: ammiminie maji kichwani na aseme maneno. Kahaso hakuwa amebatizwa. Walikuwa wakimngojea baba yake apate ruhusa. Na sasa mtoto ndiye huyo anakwenda zake.

Akaliinamisha dafu juu ya kichwa cha mwanawe. "Kahaso, nakubatiza kwa jina la Baba," akamimina, "na la Mwana," akamimina, "na la Roho Mtakatifu."

Maji yale yalikuwa baridi, kama yametoka kivulini mwa Mungu mwenyewe. Yakateremka shingoni, yakalowesha kifua, yakajaa viganja vya Abdurahman. Naye akavifuta kikoini mwake bila kulamba hata kidole. "Ya Rabi, mponye," alisema.

Mtoto akalegea. Akavuta pumzi ndefu. Kisha akalia, na Kadzo hakuwa amewahi kusikia sauti tamu kama kilio kile.

Hospitali walisema ni malaria, wakamtibu, wakamruhusu kurudi nyumbani. Habari ilitangulia miguu yao. Jumuiya ya Mtakatifu Monika ilijaa uani kwa Kadzo, wanawake wakiimba, na mbele yao Nafula, mwenyekiti, mwanamke wa bara anayefua mashuka katika hoteli moja ya Diani na ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake.

"Umembatiza mwenyewe! Kwa mikono yako!" alisema Nafula. "Mimi ningezirai, mtoto abatizwe na nani?"

"Na wewe tungekubatiza upya, labda ungenyamaza," mmoja akamtania, wakacheka wote.

Gerishom naye alikuja, akampa Kadzo mkono wa hongera. Alisema ubatizo wa dharura haurudiwi, kwa hiyo Padre atakamilisha tu yaliyobaki: kumpaka mtoto mafuta, kumvika nguo nyeupe, kumwashia mshumaa. Wakapanga yafanyike Jumapili ya nne ya Kwaresima. Hakuna aliyeuliza yalikuwa maji gani. Nani angeuliza?

Jumapili ya tatu ilisomwa Injili ya mwanamke Msamaria kisimani. Baada ya misa Gerishom alikaa na wakatekumeni, wale watu wazima watakaobatizwa Pasaka, na Kadzo akabaki benchi la nyuma akimnyonyesha Kahaso.

"Maji ya ubatizo ni maji kweli," Gerishom alisema. "Ya mvua, ya kisima, ya bahari, sawa. Lakini si maziwa, si chai, wala si ya tunda."

"Nani atabatiza mtu kwa chai, Mwalimu?" kijana mmoja akauliza.

"Wewe, nakujua. Tena utaitia tangawizi."

Kanisa likaangua kicheko. Kadzo hakucheka. Alihisi titi limekauka kinywani mwa mtoto. Wala si ya tunda. Alimtazama Kahaso, kichwa kile kidogo chenye nywele laini, akaona kama mlango alioufunga kwa mikono yake ulikuwa wazi muda wote huo, na upepo unaingia.

Siku zile chakula hakikushuka. Alipika akasahau chumvi. Alipokuwa akimwogesha mtoto aliyatazama maji yakimtiririka, akajaribiwa kuyasema yale maneno pale pale karaini, amalize mambo kimyakimya. Ulimi ulikataa. Mtoto hakuwa mgonjwa tena. Hilo lingekuwa kumwibia Mungu jambo ambalo Mungu alikuwa tayari kulitoa mchana kweupe.

Ijumaa, kabla ya Njia ya Msalaba, alimwambia Nafula. Nafula aliketi kwanza, jambo lisilo la kawaida yake.

"Wee Kadzo. Dafu?"

"Dafu, dada."

"Sasa hiyo stori unaipeleka wapi? Mtoto si mzima? Sare za sherehe tumeshashona! Maji ya dafu Mungu aliyafunga mwenyewe juu ya mti, binadamu hajayagusa. Kuna maji safi kuliko hayo?"

"Mwalimu amesema si maji ya tunda."

"Mwalimu alikuwa barabarani siku hiyo? Nyamaza, mama. Hakuna anayejua ila wewe na yule mzee wa madafu, na yule mzee si wa kanisa letu."

Kadzo alimfunga mtoto vizuri mgongoni. "Anajua Mungu, dada. Na nikinyamaza, mwanangu ataitwa Mkristo, atakomunika, ataolewa kanisani, na siku ile hakupewa kitu. Mimi ndiye nitakayekuwa nimemnyima."

Waliposimama kituo cha sita, Veronika akipangusa uso wa Yesu, Kadzo alihisi mkono wa Nafula umeshika wake.

Ibada ilipokwisha, Padre Sanga alikuwa sakristia, chumba cha mavazi ya misa, akiikunja stola yake ya zambarau.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele na milele, amina. Huyu ndiye shujaa wetu?"

Kadzo alisimulia yote bila kupumzika: dumu tupu, panga, dafu, viganja vya Abdurahman. Alipomaliza, Padre aliketi juu ya sanduku la mishumaa.

"Mama Kahaso," alisema, "mtoto hajabatizwa."

Kadzo alijua atayasikia maneno hayo. "Basi kama angekufa pale, Padre? Mikononi mwangu, na mimi nikiamini? Angekwenda wapi?"

"Tungemweka katika huruma ya Mungu, ndivyo Kanisa linavyofanya. Sisi Mungu ametupa maji, nasi hatuna ruhusa ya kuyabadilisha. Lakini yeye hangoji dumu lijae ndipo ahurumie." Padre akasita. "Unasema yule bwana alikuwa amefunga?"

"Amefunga, Padre. Midomo imepasuka. Maji yamemjaa viganja, akayafuta."

"Naye akaomba."

"Akaomba. Alisema, 'Ya Rabi, mponye.'"

Padre Sanga alivua miwani. Kadzo aliona macho yake yamelowa, akaogopa, maana hakuwa amewahi kumwona padre akilia. "Nimehubiri kuhusu mfungo miaka mingi," alisema polepole. "Sijui kama nimewahi kuuona karibu hivyo."

Hapo ndipo jambo lilipomshukia Kadzo, nywele zikamsisimka. Siku zote hizi alidhani kilichomwokoa mtoto pale barabarani ni ule ubatizo. Kumbe ubatizo haukuwepo. Palikuwa na mama aliyekosea, na mtu mwenye kiu, na tunda bichi, basi. Na bado Mungu alikuwa amesimama pale pale kwenye vumbi, karibu kuliko bodaboda, bila kuitwa kwa maji yanayostahili. Kadzo akapiga magoti sakafuni, mtoto mgongoni. Padre naye akapiga magoti. Wakakaa hivyo, hakuna aliyeanza sala.

Jumapili ya nne Padre aliwaeleza waumini kwamba Kahaso atabatizwa asubuhi ya Pasaka. Minong'ono ilizuka, na mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Loo, dafu!" Nafula akageuka akamtazama mpaka akainamisha kichwa. "Sare zitangoja," Nafula alisema. "Nguo haiozi kwa wiki tatu."

Pasaka ikafika. Ziro alikuja kutoka Taru, shati jeupe limempwaya, akambeba mwanawe kama anayebeba yai. Walisimama mlangoni mwa kanisa, jumuiya nzima nyuma yao, na Padre Sanga akawajia akiwa amevaa nyeupe.

"Mtoto huyu mmempa jina gani?"

"Kahaso Veronika," alijibu Ziro.

"Mnaomba nini kwa Kanisa la Mungu kwa ajili ya Kahaso Veronika?"

Ziro alimtazama mkewe amjibie. Kadzo alikuwa amelirudia neno la kujibu nyumbani akipika, akifua, akitwanga. Sasa lilimjaa kifuani likawa kubwa kuliko yeye. Alifikiri kwamba kama angenyamaza, swali hili lisingeulizwa kamwe, wala wasingesimama mlangoni hapa.

"Ubatizo," alisema.

Na Padre akawapisha waingie.