Jani la Isale

Mbuzi alikuwa akitafuna. Jogoo hajawika bado, na gizani nilimsikia kizizini kwake, humo humo ndani tulimolala, nikadhani ni majani ya mgomba. Kisha nikakumbuka mgomba hautoi sauti kavu namna ile.

Niliwasha koroboi. Kona ya barua ilining'inia mdomoni mwake, na nusu ya muhuri.

Barua hiyo niliingoja miezi miwili. Tangu tumzike mume wangu Ephraimu, mdogo wake Ndesanjo alikuwa akisema mtoto wetu, Aika, ni wa ukoo, mimi nirudi kwetu Sekei. Mkewe ameshamtandikia Aika kitanda kwao. Nikaandika kwa baraza kwa mkono wangu, mwandiko wa darasa la jioni kanisani. Wakajibu: mtoto akae na mama yake. Mvua ilipovuja kitandani, niliichomeka barua kwenye fito za kizizi, mahali pakavu kuliko pote.

Na Ndesanjo angefika asubuhi ile kumchukua mtoto.

Nilitoka kwenye umande hadi mpakani na shamba la Ndesanjo. Masale, mimea ya mpaka aliyopanda babu yao, yamesimama. Huku Meru hayang'olewi, hata na mlevi. Nilikata jani moja, nikalipiga fundo kama bibi alivyofanya akiomba suluhu. Anayeletewa jani hilo hakatai, na aliyelishika haguswi.

Alipofika, Aika alikuwa ameketi kizingitini, jani mkononi.

"Shemeji, karatasi yako iko wapi? Nasikia inaongea."

"Imeliwa na mbuzi."

Akacheka. "Basi humu msomi ni mbuzi." Ndipo akaliona jani. Kicheko kikamkauka.

"Umenifunga mikono, shemeji."

"Nakuomba tu."

Akavua kofia, akalipokea kwa mikono miwili, akashuka njia bila kugeuka.

Tangu hapo hakuna wa ukoo anayepita kunijulia hali. Kahawa nachuma peke yangu. Krismasi nyimbo zao nazisikia ng'ambo ya masale. Lakini kila ninapopalilia, napalilia pande zote mbili za mpaka. Huenda siku moja mtu akasimama pale akanisalimu.

Asubuhi ile Aika alibaki akiutazama mkono wake mtupu. Nilichuchumaa karibu, nikijua atalia.

Akasema, "Mama, leo nalala hapa hapa."