Mama Mkwe Kwenye Sofa

Stanslaus alikuwa fundi mzuri wa masofa pale Ngokolo. Mke wake, Violeth, ndiye aliyekuwa akiyapiga picha na kuyatangaza kwenye simu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Banda lilikuwa na giza, na kila picha ilitoka na mguu wa mtu au kopo la gundi. Sofa la kahawia alilolihangaikia Stanslaus kutwa nzima lilipotumwa kwenye kundi la WhatsApp, mtu wa kwanza kujibu aliuliza, "Hilo ni sofa au kiboko?" Wa pili akauliza kiboko huyo ni bei gani.

Violeth alimpigia dada yake, Hosiana, aliyekuwa akiuza vitenge Katoro, mkoani Geita. Picha zake zilikuwa zinang'aa mpaka wateja walikuwa wakivigombania.

"Kwanza, umefuta kamera?" Hosiana aliuliza.

Violeth aliitazama simu. Kioo cha kamera kilikuwa na mafuta ya maandazi, tena si ya siku hiyo.

"Ifute. Halafu toa sofa nje asubuhi, jua likiwa bado dogo. Nyuma tundika shuka jeupe. Na weka mtu akae, watu waone ukubwa wake."

Kesho yake walilitoa sofa uani, wakatundika shuka kwenye kamba ya nguo. Mama yake Stanslaus, bibi Limi, alikuwa akichambua kunde karibu na mlango. Alikuwa mjane mwenye maneno yake. Alipoona sofa limekaa juani bila mtu, alisema anapumzisha mgongo kidogo tu. Kabla Violeth hajapata pembe nzuri, bibi alikuwa amelala, kichwa kimeegemea mto, kilemba kimepinda, mdomo wazi.

"Mwamshe," Stanslaus alinong'ona.

Violeth aliangalia simu. Mwanga ulikuwa umetulia, kitambaa kinaonekana kila mshono. Hakuwahi kupiga picha nzuri kama ile maishani. Akapiga, akatuma. Bibi Limi alipoamka na kuonyeshwa, alilalamikia kilemba tu.

Mchana ule ule simu ikaita. Alikuwa mzee Maige, mfugaji wa Mhunze. Violeth alimwamkia, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyejiandaa.

"Mwanangu, nimeona picha. Kuna kitu kizuri hapo kwenu. Kimeshachukuliwa na mtu?"

"Bado, baba. Kipo tu."

"Kina umri gani?"

"Kipya kabisa, kimekamilika juzi."

Mzee akakohoa. "Mimi nilikiona kimekomaa."

"Ni mninga, baba, lazima kiwe kimekomaa! Hakisumbui. Hata wakikaa watu watatu, kinabeba."

"Na safari ya Mhunze kitaiweza?"

"Tutakifunga kamba vizuri juu ya fuso."

"Kamba ya nini tena, mwanangu?"

"Kisidondoke njiani."

Mzee Maige alishusha pumzi. Akauliza kama aje na ng'ombe. Violeth alimtazama mumewe, mumewe akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Wakakubaliana Jumamosi.

Jumamosi asubuhi mzee alifika akiwa na koti zito, mdogo wake mmoja na ng'ombe, mtamba mwekundu. "Mwangaluka," alisalimia kwa Kisukuma, akavua kofia. Stanslaus alikuwa tayari amelishika sofa upande mmoja.

"Baba, tupakie?"

"Tupakie nini?"

"Sofa."

"Sofa la nini? Mimi nimemfuata mama."

Stanslaus aliachia sofa, likamwangukia kwenye kidole cha mguu. Violeth alikumbuka kamba, akakumbuka na watu watatu, akaingia ndani kujificha nyuma ya pazia. Katika kuhangaika kule hakuna aliyemwangalia mtamba. Mtamba alikuwa amelifikia shuka jeupe na ameshalitafuna nusu.

Bibi Limi alipoelezwa, alicheka mpaka akakosa nguvu za kusimama.

"Yaani uliniona nimelala mdomo wazi, ukanipenda?"

"Gete kabisa," mzee aliapa. "Mtu anayelala vile mchana hana ugomvi na mtu."

"Ugomvi ninao. Muulize mkwe wangu, yuko nyuma ya pazia pale." Kisha sauti yake ikalainika. "Mzee wangu, mume nilikuwa naye, nikamzika. Siku hizi nalala katikati ya kitanda. Sina mpango wa kusogea."

Mzee Maige alivaa kofia yake, akaivua tena. Hakukasirika. Alisema kwa kuwa ng'ombe ameshakula shuka la watu, si vizuri kurudi naye. Akalichukua sofa, likafungwa kamba, likaondoka.

Siku chache baadaye akapiga simu.

"Mwanangu, sofa limefika. Lakini si kama kwenye picha."

Violeth alishtuka. "Lina kasoro gani, baba?"

"Upande wa kushoto hakuna mtu."

Violeth alimpelekea bibi Limi simu. Bibi aliisikiliza akiwa amekunja uso, akasema fundi mzuri hufuatilia kazi yake, kwa hiyo atakwenda kulikagua siku ya mnada, akae kidogo, anywe chai, arudi.

Alikwenda, amevaa kitenge kipya. Jioni akarudi na kuku mkononi. Stanslaus alimuuliza sofa linaendeleaje.

"Sofa zima. Chai ndiyo mbaya, haina tangawizi."

Wiki iliyofuata aliamka mapema, akaoga, akafunga tangawizi kwenye pindo la khanga yake, na kwenda kituo cha basi bila kuaga mtu.