Mti Namba 214 Umepatikana

Jumatatu ya pili ya Julai, saa moja asubuhi, Zilpah alikuwa amevaa gambuti, sweta mbili na kofia ya mumewe, akifyeka mipera iliyovamia njia ya wageni katika msitu wa Kakamega. Ilikuwa baridi ya Julai hasa, ukungu ukidondoka majanini mpaka mtu akadhani mvua imesahau kuondoka. Zilpah aliipenda. Msimu huo nyoka ni wavivu, njia inanukia, na ndege hushuka chini ukawaona bila kuvunja shingo. Wageni wa Januari aliwaonea huruma tu.

Yeye na mumewe Barnaba walilinda kipande kimoja cha msitu, wakatembeza wageni, na kila Julai wakahesabu miti mikubwa. Kila mti ulipigiliwa kibati chenye namba. Mti namba 214, mukumari wa kukumbatiwa na watu watatu, ulikatwa Aprili. Barnaba aliliona lori, akaandika namba ya gari, akaenda kuripoti. Wiki iliyofuata akakamatwa yeye. Kesi ilikuwa isomwe siku hiyo saa tatu: wizi wa mti, ingawa mti wenyewe haukuwa umeonekana popote. Zilpah alitaka kuhudhuria, lakini wanafunzi wa kilimo kutoka Bukura walikuwa wameshaandikisha matembezi, na mtu pekee wa kumshikia zamu ndiye aliyekuwa kizimbani.

Walipofika kwenye kisiki cha 214, Zilpah aliwaonyesha wanafunzi hondohondo dume, ndege mwenye mdomo mkubwa. Jike la hondohondo hujifungia ndani ya tundu la mti, akaziba mlango kwa udongo, akabaki na ufa tu wa kulishiwa na mumewe. Huyu dume mkewe alikuwa ndani mti ulipokatwa. Tangu hapo kila asubuhi alitua kisikini na tunda la kuyu mdomoni, asijue pa kuliweka.

Asubuhi hiyo hakutua. Alipita juu ya kisiki na kuyu lake, akaelekea barabarani.

Moyo wa Zilpah uliruka. Watu wa huko wote wanajua kwamba mbao za msituni huchipua Julai. Milango, vitanda, hata mimbari. Ndiyo maana mwezi huo mgeni mstaarabu hupiga hodi na kungoja, wenyeji wamalize kupunguza kochi kwa kisu cha mboga. Kochi la mkaratusi halichipui, na hakuna anayemuuliza mwenzake lake ni la mti gani.

"Anampelekea chakula!" Zilpah akasema. "Ingieni kwa gari! Leo tunatembea na barabara."

"Mama," akasema Sammy, dereva wa wanafunzi, "mimi niliambiwa nilete watoto wa watu waone miti, si kufukuza ndege."

"Hata hii ni miti. Washa gari!"

Walimfuata. Mwanafunzi mmoja, Ashley, alitoa kichwa dirishani akawa anapiga kelele, "Kulia! Kulia! Ameshika kulia, madam!" na wenzake wakapiga viti kwa viganja. Hata Sammy aliacha kulalamika akaanza kukata kona kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Zilpah alicheka peke yake. Palipo na ule mti, ndipo mwizi alipo, na Barnaba atalala nyumbani leo.

Hondohondo aliingia kwa dirisha la korti ndogo iliyofunguliwa Mei, yenye samani mpya zinazonuka vanishi. Wao waliingia kwa mlango.

Kizimba kilikuwa kimechipua kutoka sakafuni mpaka darini. Maua meupe yalimwangukia karani, naye akayapangusa kwenye faili na kuendelea kuandika. Mbega wawili walikuwa wamekaa juu ya reli ya kizimba. Katikati ya majani ulionekana uso wa Barnaba, na chini yake kibati kilichosukumwa nje na gome jipya: 214. Ndege alitua, akalipitisha kuyu kwenye ufa wa ubao, na mdomo wa ndani ukalipokea.

Kigelegele kilimponyoka Zilpah.

"Huyo mama ana nini?" akauliza hakimu.

"Ni furaha, mheshimiwa. Mti umepatikana! Tazama namba. Na mume wangu, Baba Eugene, hakutengeneza hiyo kizimba, yeye hata stuli hajawahi kutengeneza. Aliyeleta hizi mbao anajulikananga. Mwenye macho haambiwi tazama."

Hakimu alishuka, akavaa miwani, akasoma kibati. Mwendesha mashtaka akalinganisha na faili: ndiyo yenyewe. Hakimu akamshukuru Zilpah kwa kuleta ushahidi uliokosekana, na Zilpah akamkamata Ashley mkono akaubana.

"Kesi hii ilipungukiwa na kitu kimoja tu, mti," akasema hakimu akishakaa. "Sasa umepatikana. Umepatikana na nani?"

Watu wote wakaangalia. Ndani ya mti alikuwemo Barnaba peke yake, tena ameshika tawi, kwa sababu mbega mmoja alikuwa akimsukuma.

Alipewa miezi sita. Kuhusu aliyeleta samani, hakimu alisema jambo hilo halikuwa mbele yake. Lilikuwa hatua mbili kutoka mezani pake.

"Mama Eugene," Barnaba alisema wakimtoa, akitoa maua nyweleni, "usiache kuhesabu miti."

Hakuacha. Kwenye daftari la Julai aliandika: 214, hai, umesimama kortini. Karani alimwomba awe anakuja kila Jumatatu kabla ya saa tatu kupunguza matawi, ili nyuso za washtakiwa zionekane, naye alikubali kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kupogoa mukumari bila kuuumiza.

Tawi lililo mbele ya ufa aliliacha. Alikuwa akisimama hapo na panga lake, akimwangalia dume akimlisha mkewe, na alimwonea wivu, wala hakuuficha. Kisha alichukua kikapu chake chenye obusuma na ingokho, ugali na kuku wa nyumbani, akaenda gerezani, ambako askari alimwambia, kama alivyomwambia Jumatatu iliyopita, kwamba chakula cha nyumbani hakiingii.