Kilengeo Kipya cha Reino

"Hicho kidogo kinachagua sana," Gerald alisema, akakisukuma kando kwa ncha ya kidole. "Uwanjani, jua likiwaka, sawa. Lakini wewe unavizia kulungu kwenye vinamasi vya mierezi, Mzee Reino. Saa kumi jioni kule ni giza la stoo."

Juu ya kaunta ya duka lake la bunduki, kwenye kitambaa cha kijani, palikuwa na visahani vitatu vya chuma vya kulengea, kila kimoja kama kifungo cha koti, kila kimoja kimetobolewa katikati. Reino Saarela aliviinua kimoja kimoja, akaviweka jichoni na kutazama dirishani, kama mtu anayekagua mayai. Cha tundu dogo kilimwonyesha ukungu. Cha tundu la kati kilimwonyesha ukungu uleule, mpana kidogo. Cha tundu kubwa kilimwonyesha fremu ya dirisha pande zote, na katikati doa, kana kwamba mtu mwenye mafuta mikononi alishika kioo na kidole gumba.

"Nachukua kikubwa," alisema. "Kwa sababu ya giza."

"Hapo umechagua kama mwindaji. Na usikiangalie kitundu chenyewe, watu wengi wanaharibu hapo. Wewe tazama mbele, itafute ile shanga ya kwenye ncha ya mtutu. Jicho litajiweka katikati lenyewe."

Reino aliitikia kwa kichwa. Hiyo katikati ndiyo iliyokuwa imekufa. Daktari wa macho alimwambia tangu theluji ilipoyeyuka: la kulia kitovu chake kimekwisha, la kushoto linafuata, kingo zitabaki. Alikuwa hajamwambia mtu, na mkewe Aili, ambaye Reino angemwambia hata bila kutaka, alikuwa kaburini mwaka wa tatu huo.

Kwa watu wengine alikuwa na maelezo mengine. Novemba iliyopita alimkosa kulungu dume aliyesimama karibu naye kama ng'ombe zizini, na kambi nzima ya wawindaji ikacheka, kwa sababu Reino alikuwa hajawahi kukosa. Wakamkata pindo la nyuma la shati, kama walivyokatwa baba zao kwa kosa hilohilo, wakaliandika jina lake na mwaka, wakaligongomelea ukutani juu ya jiko la kuni. Alicheka nao. Kisha akasema ni kile kilengeo cha zamani, kile chenye mfuo badala ya tundu. Chuma cha mwaka arobaini na saba, kimechakaa. Akalisema mara nyingi hadi na yeye akaliamini. Mzee akishaamua kujidanganya, hahitaji msaidizi.

Na pale kambini asiyepiga risasi alikuwa mpishi. Mjomba Sulo aliwapikia miaka na miaka macho yalipomwishia. Mwanzoni walimuuliza kulungu wanapitia wapi, baadaye wakawa wanamuuliza kama kahawa ipo. Reino alikuwa mmoja wao. Alikumbuka vizuri alivyomnyooshea kikombe bila hata kumtazama usoni.

Kilengeo alikifunga mwenyewe, juu ya meza ya jikoni. Aliibana bunduki kwenye jiliwa, akaizungushia taulo la Aili isikwaruzike. Kwa kipande cha shaba na nyundo ndogo alikigonga kile cha zamani kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, hadi kikachomoka na kuangukia gazeti. Pengo akaliziba. Ubavuni, juu ya mkono wa kukokea, ule wenzo wa chini unaoingiza risasi mtutuni, akafungua skrubu mbili zilizoziba matundu tangu kiwandani, akayasafisha kwa spiriti ili skrubu mpya zishike. Kazi hiyo yote aliifanya kwa vidole. Miaka arobaini ya kukata magogo na kunoa misumeno ilimwachia vidole vinavyoona.

Skrubu ya mwisho ikamponyoka. Aliisikia ikidunda sakafuni mara moja, basi. Akapiga magoti, akaanza kuipapasa sakafu kwa viganja, chini ya meza, chini ya jiko, mahali ambapo Aili asingeruhusu vumbi hilo likae. Akaipata karibu na mguu wa kiti. Akabaki palepale chini ameifumbata, analia, mwanamume mzima, wala si kwa ajili ya skrubu.

Jumamosi ya kabla ya msimu, mdogo wake Arvo alimpitia na pikapu wakaenda kwenye machimbo ya kokoto. Arvo alikuwa mtu mnene, mwenye maneno, amevaa koti la rangi ya chungwa ambalo lingeonekana toka ng'ambo ya Ziwa Superior. Walibandika sahani ya karatasi kwenye ubao, upande wa pili wa shimo, katikati ya visiki viwili vya miti. Wakaziba masikio kwa pamba. Mazungumzo ya hapo yalikuwa ya kupigiana kelele, kwa hiyo walikuwa na sheria ya baba yao: mkono wa kukokea ukining'inia wazi, mtu anaweza kwenda kwenye ubao, ukifungwa, kila mtu nyuma.

Risasi ya kwanza ilirusha mchanga mbali kabisa.

"Kaka, umeua kokoto!" Arvo alipiga kelele. "Tutaila na viazi?"

"Nyamaza, natafuta kimo."

Lakini hakuwa akitafuta kimo. Alikuwa akiitafuta sahani. Kila alipoielekea ilitoweka, na ubao nao, na mahali pake pakawa na mchanga tu, mchanga mzuri usio na doa wala dosari. Kichwa kilikuwa kikimjazia pengo. Ndipo akapata ujanja: aliviacha visiki viwili vikae pembeni mwa kitundu, kimoja huku, kimoja kule, akafyatua katikati yao, pasipo na kitu.

"Imo!" Arvo aliruka. "Pembeni, lakini imo!"

Akafyatua tena.

"Imo! Wewe, mzee, wewe! Mwaka huu ule ukuta utatafuta shati la mtu mwingine."

Reino alihisi kitu kikimfunguka kifuani ambacho kilikuwa kimefungwa tangu mwaka uliopita. Inawezekana, alijiambia. Visiki viko kila mahali msituni. Akauacha mkono wa kukokea ukining'inia, akachukua bisibisi, akainama kugeuza skrubu ya kimo, kidogo tu, huku anahesabu migeuzo kwa kuipapasa kwa ukucha. Arvo alikwenda nyuma kwenye pikapu, ambako kulikuwa na chupa ya kahawa na pasti za nyama na viazi zilizofungwa kwenye gazeti.

Alipomaliza alifunga mkono wa kukokea, akalaza shavu kwenye kitako cha bunduki, akafumba jicho la kushoto. Kisiki huku, kisiki kule. Mchanga safi katikati. Akavuta pumzi, akaitoa nusu, akafyatua.

Bunduki ikasema *ta*, basi.

Aliinua kichwa kwa hasira, akakigeuza upande kuutafuta mfuko wa risasi. Na kwa ukingo wa jicho, pale kwenye mchanga safi, akaona rangi ya chungwa. Arvo alikuwa amempa mgongo, ameinama mbele ya ubao, anabandika sahani mpya. Alikuwa ameuona mkono wa kukokea ukiwa wazi, akaenda kwa kuzunguka ukingoni, kama walivyofanya tangu utotoni.

Reino aliufungua mkono wa kukokea. Akaingiza kidole. Patupu. Risasi aliyodhani ameibakiza ilikuwa mfukoni mwa koti lake, ina joto la mwili.

Arvo alirudi akipunga ile sahani ya zamani. "Tazama, mbili karibu zigusane. Mbona umekaa chini kwenye baridi?"

"Una kisu?"

"Ninacho."

"Kata shati langu."

Arvo alicheka. "Umekosa nini? Mimi mwenyewe nimeileta sahani hii hapa."

"Kata, mdogo wangu."

Arvo aliacha kucheka. Alimzunguka kaka yake, akalivuta pindo la shati kutoka kwenye suruali, akalikata taratibu asimguse ngozi. Akasimama nalo mkononi, hajui aliweke wapi.

"Niandike nini?"

"Usiandike kitu." Reino alisimama, akajipangusa mchanga. "Mwaka huu nitapika mimi."

"Kaka, mbona…"

"Nitapika, Arvo. Kuna mtu lazima apike."

Wakapanda pikapu, wakarudi. Kile kipande cha shati kilikuwa kwenye dashibodi, na hewa ya hita ilikuwa ikikiinua ukingo na kukilaza, ikikiinua na kukilaza. Reino alimtazama mdogo wake, na pale kwenye usukani hapakuwa na mtu. Akageuza uso hadi paji likagusa kioo cha mlango, na huko pembeni, polepole, Arvo akarudi: bega, sikio lenye pamba bado, mkono mnene ukibadili gia.